Kushusha Kombi ya T2 yenye kitanda na jiko: bimu, meno ya nyuma, stabu na matairi

#1 BabaKombi (Tanga)

Wakuu, salaam.

Kwenye uzi wa magari ya zamani kuna mdau aliuliza kama Kombi ya Volkswagen inashushika, yaani bodi ikae karibu zaidi na barabara. Akajibiwa fasta: "mpelekee fundi akate koili moja na nusu." Nimeona tusiharibu uzi wa watu, nifungue huu, maana Kombi ya T2 (toleo la pili) haina koili, yaani springi za kuzunguka, hata moja ya kukata. Fundi anayesema anakata koili za T2 hajawahi kulala chini ya T2.

Nazungumzia ile ya kioo kimoja kipana mbele, iliyoundwa Hannover kuanzia 1967 hadi 1979. Brazil waliendelea na bodi hiyo hadi Desemba 2013. Yangu ni ya 1974, ndani ina kitanda cha kukunja, kabati, jiko la gesi na tangi la maji. Hiyo habari ya jiko na maji ishikeni, itarudi huko mbele.

Kwanza tujue gari linabebwa na nini. Mbele kuna bimu, yaani mabomba mawili yaliyolala kwa upana wa gari, moja juu ya jingine. Ndani ya kila bomba limepita fungu la vyuma bapa kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Katikati ya bomba fungu hilo limebanwa kwa skrubu na nati lisizunguke, na kila ncha imeingia kwenye mkono unaobeba gurudumu. Gurudumu likipanda jiwe, mkono unapanda, vyuma vinajipinda, kisha vinarudi. Nyuma, kila upande una nondo moja ya duara chini ya sakafu, yenye meno ncha zote mbili. Meno ya ndani ni 40, yameingia kwenye bomba la katikati. Meno ya nje ni 44, yameingia kwenye bamba la chuma linaloelekea nyuma kushika mkono wa gurudumu. Waliofungua mbele ya Hilux za zamani za 4WD wanazijua nondo za namna hii, ndizo toshenba.

Kwa hiyo kushusha T2 ni kubadilisha pembe ambayo toshenba inaanzia kazi. Ugumu wa chuma unabaki uleule. Kinachopungua ni nafasi ya gurudumu kupanda kabla halijagonga raba ya kuzuia. Ule ubishi wa "gari likishushwa linakuwa gumu" unatoka hapo: chuma hakijawa kigumu, gari limeishiwa nafasi na kila shimo unagonga raba.

NYUMA. Hapa ndipo penye raha, kwa anayependa hesabu. Gawa digrii 360 kwa meno 40, unapata 9. Gawa kwa 44, unapata 8.18. Bamba lina urefu wa takriban sentimita 40 kutoka katikati ya toshenba. Ukilipandisha bamba jino 1 la nje peke yake, nyuma inashuka karibu milimita 57. Wengi wanaishia hapo, na si vibaya. Lakini unaweza kuirudisha nondo chini jino 1 la ndani (digrii 9) kisha ukalipandisha bamba meno 2 ya nje (digrii 16.36). Inabaki 7.36, ambayo ni kama milimita 51. Ukirudisha meno 2 ya ndani na kupandisha 3 ya nje unapata 46. Ukirudisha 3 na kupandisha 4 unapata 40. Kila ukiongeza jozi (jino 1 la ndani na 1 la nje), unapunguza kama milimita 6. Ndiyo maana meno ya ndani na ya nje hayakulingana idadi. Yangelingana, usingepata hatua ndogo kama hizo.

Kabla hujafungua chochote, pima pembe ya bamba likiwa huru halina mzigo, upande hadi upande, kwa kipima pembe cha sumaku. Bei yake ni ndogo. Usihesabu meno kwa macho, gizani, huku grisi imejaa mikononi.

Sasa hatari. Bamba likiwa halina gurudumu bado limekaa kwenye mdomo wa chuma kwa nguvu kubwa mno. Likiruka kutoka pale halichagui, mguu au taya. Weka jeki chini ya ncha ya bamba, zungushia mnyororo kwenye bodi, ipandishe kidogo hadi bamba liache mdomo, livute nje kidogo kidogo, kisha shusha jeki taratibu. Hakuna mtu kukaa usawa wa bamba, hata wa kushika tochi. Kabla ya kulegeza bolti za mkono wa gurudumu, chora alama kwa patasi pale bamba linapokutana na mkono, la sivyo utarudisha magurudumu ya nyuma yakiangalia Zanzibar na Kenya.

Toshenba ikitoka, ichukulie kama yai. Mkwaruzo mmoja wa patasi unaanzisha ufa, na ufa utakuja kukatika ukiwa safarini. Kila nondo ina alama ya L au R kwenye ncha kwa sababu imeshapindwa kiwandani kwa upande wake, usibadilishane. Meno pakaa grisi. Bushi za raba usipake grisi, pakaa poda ya talki, ile ile ya mtoto. Na ukishafika huko, weka bushi mpya. Kurudisha bushi za zamani baada ya kazi yote hiyo ni ubahili ambao siuelewi.

MBELE kuna njia tatu, na nazipanga kuanzia ile mbaya.

Ya kwanza ni kupunguza vyuma bapa ndani ya bimu. Gari linashuka kweli, ila vyuma vilivyobaki vinabeba mzigo wa vyote, tundu la mraba kwenye mkono linabaki na nafasi, na ile skrubu ya katikati haibani tena sawasawa. Kwa gari la mzigo hii sikubali kabisa.

Ya pili ni ajasta. Unakata kipande cha katikati cha kila bomba, unachomelea kingine chenye bolti ya kuzungusha fungu lote. Uzuri wake ni kwamba unapanda na kushuka utakavyo. Ubaya ni kwamba mikono inabadilika pembe, bojointi (viungo vinavyogeuka kwenye ncha za mikono) zinafanya kazi karibu na mwisho wa mzunguko wake, shokapu lazima ziwe fupi, na tai rodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) zinainama. Tai rodi zikiinama, kila gurudumu likipanda tuta usukani unavutwa wenyewe.

Ya tatu ni stabu za kushushia. Stabu ni kile kipande kinachogeuka na usukani, chenye ekseli fupi inayobeba kitovu cha gurudumu. Zile za kushushia zina ekseli iliyopandishwa juu, kwa kawaida inchi 2 na nusu, yaani milimita 63. Mikono inabaki pale pale, bojointi pale pale, tai rodi pale pale, shokapu zilezile. Bimu yako haiguswi na grainda. Hasara zake: nyingi zinasukuma magurudumu nje kidogo, kwa hiyo rimu pana zitagusa matao ya bodi juu ya magurudumu ukikata kona, na lazima ununue za breki zako. Kuanzia Agosti 1970 mbele kuna diski, kabla ya hapo ni ngoma.

Msimamo wangu: stabu mbele, nyuma ndani 1 nje 2 (milimita 51), basi. Usiende chini zaidi kama gari lina kitanda na unalitumia kusafiri.

Kwa nini karibu sawa mbele na nyuma? Kwa sababu ukiinamisha pua peke yake, ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe katikati inapungua, na Kombi tayari ni gari linalosukumwa na upepo. Tofauti ya milimita 12 (63 kutoa 51) kwa gari lenye urefu wa mita 2.4 kati ya ekseli ni chini ya theluthi moja ya digrii, huisikii. Tofauti ya milimita 80 utaisikia pale lori linapokupita.

Nyuma mimi naiacha juu kidogo kuliko mbele kwa makusudi. Ukijaza tangi la lita 60, gesi, vyombo, magodoro na watu wawili wa nyuma, mkia unashuka wenyewe. Pima gari likiwa na mzigo wa safari. Kupima likiwa tupu, halafu kushangaa mkia unaburuza Segera, ni kujitakia.

Maswali karibuni. Picha nitapandisha.

#2 Mzuka_wa_Gia

Ngoja waje wenye Kombi. Mimi nina Vitz, nipo hapa nimekaa na kahawa.

#3 Mkulima_Njombe

Mkuu shukrani kwa somo, lakini swali la kizamani: ya nini? Wenzetu Ulaya wana lami kama meza. Sisi matuta ya Chalinze hadi Moshi yanatosha kung'oa injini. Kombi iliundwa ikiwa juu, watalii walizungushwa nazo mbugani miaka ya sabini. Leo unaishusha ili iweje? Ili ipendeze Instagram?

#4 BabaKombi

@Mkulima_Njombe swali zuri na sikwepi. Nusu ya jibu ni ndiyo, inapendeza. Asiyekubali hilo anadanganya.

Nusu nyingine ni kwamba Kombi yenye kabati na paa la kunyanyua ni ndefu juu na ina uzito juu. Kwenye kona za Mombo kwenda Lushoto ukishusha sentimita 5 unasikia tofauti, haiyumbi kama zamani. Ukiweka na shokapu nzuri ndiyo kabisa.

Tuta: pima, usikisie. Kwenye T2 dereva anakaa mbele ya gurudumu, kwa hiyo pua imetokeza sana, na nyuma kuna ekzosi imening'inia. Katikati ni mita 2.4 za sakafu. Tuta refu na pana halikusumbui sana, tuta fupi lililochongoka kama kisigino ndilo linalogusa. Kama njia zako ni Tanga hadi Horohoro na Mombo hadi Lushoto, zote lami, shusha. Kama unaingia njia za ndani za Saadani wakati wa masika, iache ilivyotoka kiwandani, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

#5 Fundi_Makupa (Mombasa)

Salaam aleikum. Nimesoma yote, umeeleza vizuri, lakini kwa ajasta umekuwa mkali ndugu yangu.

Mimi nimezifunga. Tatizo si ajasta, tatizo ni mchomeleaji. Watu wanakata bomba kwa jicho, wanachomelea, bomba linapinda kwa moto, mikono inatoka sambamba. Ukitaka ikae sawa, tengeneza fremu ya chuma ya kuishika bimu isisogee kabla hujakata, choma pointi ndogo ndogo kwa kubadilisha pande, iache ipoe, choma tena. Na bimu iwe nje ya gari. Nimeona moja imechomelewa ikiwa ndani ya gari, tangi la petroli liko palepale nyuma. Mwenye gari alikuwa anakunywa soda pembeni.

Faida ya ajasta ambayo hukuitaja: huku kwetu mtu anatembea lami ya Nyali wiki nzima, Ijumaa anakwenda shamba Kwale. Akitaka apandishe mbele, analegeza bolti, anazungusha, anakaza. Stabu ikishafungwa imefungwa.

Jambo la pili. Hizo stabu zinazouzwa mtandaoni bei rahisi, uliziangalia? Ile sehemu ndiyo inabeba gurudumu. Ikikatika hakuna cha kukuokoa. Mimi siweki kitu hapo ambacho sijui kimetengenezwa wapi. Bora bimu ya Volkswagen iliyochomelewa na mtu ninayemjua.

#6 BabaKombi

@Fundi_Makupa wa aleikum salaam, fundi. Hapo kwenye ubora wa stabu nakuunga mkono mia kwa mia. Stabu isiyo na jina la aliyeitengeneza usiifunge hata ukipewa bure.

Kwenye kupandisha na kushusha Ijumaa sikubaliani. Ukizungusha ajasta, magurudumu ya mbele hayaangaliani tena kama yalivyopangwa. Kila ukibadilisha urefu unatakiwa urudi kwenye alaimenti, kupanga upya magurudumu yanakoangalia. Nani anafanya hivyo kila Ijumaa? Hakuna. Matairi yanaliwa kwa ndani, mtu analaumu matairi ya Kichina.

#7 Fundi_Makupa

Hahaha. Hapo umenipata kidogo. Lakini ukichora alama mbili kwenye tai rodi, ya chini na ya juu, unarudi nazo kwa dakika kumi. Si sahihi kama mashine ila tairi haliliki. Tuache hapo, tusije tukachosha watu.

#8 DadaWaBristol

Hamjambo ndugu zangu. Nasoma kutoka Uingereza, nina T2 iliyojengwa ndani na kampuni ya Devon, ya 1978. Naomba niongeze upande wa sheria, maana wapo wasomaji wa huku.

Hapa gari likitimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara, na tangu Mei 2018 halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Lakini msamaha wa ukaguzi haulihusu gari lililobadilishwa kwa kiasi kikubwa, na mwongozo unataja kubadilisha aina ya mfumo wa springi au usukani. Kuzungusha meno ya toshenba ileile ni kitu kimoja. Kung'oa toshenba na kufunga mifuko ya hewa ya kubeba gari ni kitu kingine kabisa. Na hata kama huendi ukaguzi, gari linatakiwa liwe salama barabarani, sheria haikusamehe hapo.

Bima ndiyo ya kuangalia zaidi. Waambie umeshusha, kwa maandishi. Wengi wa kampuni za magari ya zamani hawaongezi kitu cha maana, lakini ukinyamaza halafu ukagonga, wanapata sababu ya kukukwepa.

Ujerumani ni kali zaidi. Rafiki yangu yuko Hamburg, gari lake lina namba yenye H ya magari ya kihistoria, zinazotolewa gari likifika miaka 30. Kule kila badiliko la urefu lazima likaguliwe na kuandikwa kwenye hati za gari, na badiliko lenyewe liwe la aina iliyokuwepo enzi za gari. Hauwezi kufunga tu halafu ukaondoka.

Kaka BabaKombi, swali: mimi nimeshushiwa nyuma na gereji moja ya huku kwa jino 1 la nje. Sasa matairi ya nyuma yamelala, juu yameingia ndani. Ni kawaida au wamekosea?

#9 BabaKombi

@DadaWaBristol asante sana dada, hilo la bima huku pia lipo, watu hawalisemi tu.

Kulala kidogo ni kawaida. Mkono wa nyuma wa T2 umefungwa kwa mshazari, kwa hiyo ukishuka gurudumu linaingia ndani kwa juu. Kwa jino 1 halitakiwi kuonekana kama miguu ya ngamia aliyepiga magoti. Cha kuangalia zaidi ni upande magurudumu yanakoangalia. Bamba lina matundu marefu pale linapofungwa kwenye mkono, ndipo panaporekebishwa. Waulize kama walipima nyuma kwa mashine baada ya kushusha. Gereji nyingi zinapima mbele tu, zinasema nyuma haina marekebisho. Kwenye T2 inayo.

Angalia na mipira ya vijoyinti vya ekseli kama imekunjika au inagusa kitu. Kwa kushuka kidogo vijoyinti vyenyewe havipati shida, lakini mpira wenye miaka mingi ukikunjwa upya unapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia.

#10 Kijana_wa_Sinza

Wakuu, mjomba ameniachia Kombi ya vioo viwili mbele, ya 1965. Fundi mmoja amesema nyuma hakuna meno ya kuzungusha, dawa ni kutoa zile giaboksi ndogo za kwenye magurudumu, kisha tunafunga ekseli za Beetle. Anataka aanze Jumatatu. Nimwache?

#11 Fundi_Makupa

Msimamishe leo usiku.

Meno yapo, T1, hiyo yako ya vioo viwili, nayo ina toshenba nyuma. Zile giaboksi ndogo zinalipandisha gari na kupunguza mwendo ili injini ndogo ibebe mzigo. Ukizitoa gari linashuka sana kwa mpigo mmoja, hilo ni kweli, na wengi duniani wamefanya. Lakini zile gia ndogo zinageuza mzunguko. Ukifunga ekseli za Beetle kwenye giaboksi ya Kombi bila kuhamisha gia kubwa ya difu upande wa pili, utapata gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Muulize fundi wako anafanyaje hapo. Akikuangalia tu bila jibu, umeshapata jibu.

Halafu mwendo wa gia unabadilika wote, injini ya 1500 ikipanda mlima na kitanda ndani itakuomba radhi.

#12 Kijana_wa_Sinza

Nimempigia. Amesema "tutaona hukohuko mbele." Nimechukua ufunguo wangu.

#13 Mzuka_wa_Gia

Mbele ipi sasa, wakati ina gia moja tu 😂

#14 Mama_Safari (Arusha)

Habari za jioni. Yangu ni T3, ile ya pembe pembe iliyokuja baada ya T2. Hiyo nayo ina toshenba? Na pili, naomba ushauri wa matairi, nimeona watu wanafunga rimu za Mercedes zinaingia vizuri.

#15 BabaKombi

@Mama_Safari shikamoo mama.

T3, iliyoanza 1979, ndiyo yenye koili kweli, mbele na nyuma, kwa hiyo haya ya meno hayakuhusu. Nunua koili fupi zilizotengenezwa kwa T3, za kushusha milimita 30 au 40. Asikukatie mtu koili kwa grainda. Koili iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi, ncha yake haikai vizuri kwenye kikombe, na ile joto la kukata linaharibu chuma.

Matairi nilitaka niyaandikie sana na sikuyagusa, asante kwa kuuliza. T2 ya miaka ya sabini ilivaa 185R14C. Hiyo C ndiyo habari yenyewe, ni tairi la gari la mzigo. Lenye fahirisi ya mzigo (namba iliyoandikwa ubavuni) 102 linabeba kilo 850. Mtu anashusha Kombi, anataka rimu ya 15, anafunga 195/65R15 ya gari dogo yenye fahirisi 91. Hiyo ni kilo 615 kwa tairi, mawili 1,230. Sasa soma kibao cha gari lako kinasema ekseli ya nyuma inaruhusiwa kilo ngapi, kumbuka injini iko nyuma, giaboksi iko nyuma, na kitanda kipo juu yake. Utakuta umepita. Tairi halitapasuka gereji, litapasuka saa nane mchana kwenye lami ya moto, gari limejaa watu. Kama unataka 15, tafuta 195/70R15C, zipo za fahirisi 104, kilo 900.

Rimu za Mercedes: kuanzia Agosti 1970 T2 ina bolti 5 kwa duara la milimita 112, sawa na Mercedes nyingi, kwa hiyo zinaingia. Za kabla ya hapo ni milimita 205, haziingii. Tatizo ni bolti. Za T2 ni nene, milimita 14, za Mercedes za zamani ni 12, na kichwa cha bolti chini kimechongwa mviringo tofauti. Bolti ya T2 haikai vizuri kwenye tundu la rimu ya Mercedes. Wapo wanaotanua tundu kwa drili ya mkono. Hiyo usikubali. Tafuta bolti za milimita 14 zilizochongwa kulingana na rimu, au mchongaji mwenye mashine afanye matundu yote matano sawa. Na angalia umbali rimu inavyoingia ndani, isiguse mkono wa nyuma.

#16 Mama_Safari

Marahaba mwanangu. Rimu nilishalipia nusu. Nitamwambia aliyeniuzia alete na bolti zake au anirudishie hela.

#17 Mwana_Chumbageni

Mrejesho wakuu. Nilimsoma BabaKombi kwenye uzi wa zamani nikafanya kama alivyosema: stabu mbele, nyuma ndani 1 nje 2. Gari linakwenda vizuri, usukani umetulia. Ila lina kasoro moja. Upande wa kushoto nyuma uko chini kuliko kulia kwa milimita 13, nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao. Pembe za mabamba nilipima zililingana. Fundi anasema toshenba imechoka, ninunue nyingine.

#18 BabaKombi

@Mwana_Chumbageni usinunue kwanza. Kabati, jiko na tangi la maji viko upande gani?

#19 Mwana_Chumbageni

Kushoto vyote. Na mtungi wa gesi.

#20 BabaKombi

Ndiyo hiyo. Kombi za kambi karibu zote zinalala upande wa kabati. Fanya hivi kwa mpangilio. Linganisha upepo wa matairi yote mawili ya nyuma. Egesha kwenye sakafu ya simenti iliyo sawa, siyo uani. Mwaga maji, toa mtungi, sukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa ili magurudumu yakae, pima tena. Ikipungua ikawa milimita 5 au 6, ni mzigo, hakuna kilichochoka. Hamisha mtungi na betri ya pili kulia kama kuna nafasi.

Ikibaki 12 au 13 hata likiwa tupu, rekebisha kushoto peke yake. Umeshusha kwa ndani 1 nje 2. Badilisha upande huo uwe ndani 3 nje 4. Hizo ni jozi mbili, kila moja milimita 6, upande wa kushoto utapanda kama 12 na wa kulia hauguswi. Mbele huwezi kusawazisha upande mmoja kwa sababu fungu la vyuma ni moja kwa pande zote mbili, lakini nyuma ikinyooka utaona pua nayo imenyooka kwa sehemu kubwa. Kisha alaimenti tena, magurudumu yote manne, na uwe umekaa kwenye kiti cha dereva wakati wanapima.